Ndege Asitue

Uwanjani Chake walitupima kwa mizani
kama magunia ya karafuu:
mimi, kilo sitini na mbili pamoja na viatu;
boksi la halua ya Wete, nne na nusu;
Mzee Khatibu wa Ole akavuta pumzi, akaizuia,
apate kuwa mwepesi.
Abiria sita. Nikakalishwa mbele,
ubavuni mwa rubani, Khelef,
kijana mkimya anayetafuna karafuu moja.

Tukaruka. Minazi ikawa vifagio.
Nikaanza kuitafuta nyumba ya shangazi
kwa bati lake jekundu,

injini ikakohoa.
Mara moja, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu.
Mara ya pili.
Na ile rafadha, ambayo ikizunguka huwa ukungu tu,
ikasimama mbele ya uso wangu,
nikayahesabu mapanga yake: matatu.

Sijui kama umewahi kukisikia kimya cha huko juu.
Upepo ulisugua bati. Mtu nyuma yangu alianza Yasini,
akairuka aya, akarudi mwanzo.
Mzee Khatibu akapiga kelele: "Rudi! Uwanja uko nyuma!"
Khelef hakugeuka, wala hakuigeuza.
"Hatufiki," akasema, taratibu, kama anayekataa chai,
akainamisha pua penye kijani.

Bonde la mpunga.

Katikati yake, juu ya dungu,
Shaame wa miaka tisa alikuwa na debe, kijiti,
na amri moja ya bibi yake:
ndege asitue.
Tangu alfajiri keshafukuza minana, keshafukuza tetere.
Sasa anamwona mmoja, mweupe,
mpana kuliko paa la chuo,
anashuka bila sauti.
Mtoto hakukimbia.
Alilipiga lile debe.
Naapa, kabla ya tope, kabla mkanda haujanikata bega,
nililisikia: ka! ka! ka!

Magurudumu yakashika maji.
Tuta likapasuka, la pili, la tatu, sikuhesabu tena.
Tukasimama tumeinama, pua ndani ya mpunga,
halua imenimwagikia mapajani.

Wanawake wakaja mbio, kanga viunoni.
"Mu hai? Nyote mu hai?"
Tulipokwisha kuitika, mmoja mmoja, hata Mzee Khatibu,
ndipo Bi Mize alipoligeukia shamba lake:
"Haya, alhamdulillahi. Na mpunga wangu nitamdai nani?"
Khelef akavua viatu topeni, akamwomba radhi.
Mikono yake ndiyo kwanza inaanza kutetemeka.
Ile karafuu bado imo shavuni.

Shaame alikataa kushuka dunguni.
Nikamwendea, tope hadi magotini,
nikamnyoshea kipande cha halua iliyobondeka.
Hakukipokea. Alikuwa akilia kwa kwikwi,
debe limebonyea kote kote.
"Bibi kaniambia asitue," akasema,
"na mie nimepiga
kwa nguvu zangu zote."