Masafa

Simu nne mezani, zimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli,
kompyuta ya kampuni, karanga nilizonunua Kamata.
Kazi yangu ndiyo hii: kupanda treni ya jioni Stesheni,
kushuka Morogoro, kulala, kurudi,
na kupima namna sauti za watu zinavyopinda njiani.

Vingunguti bado tunakwenda polepole.
Mabati, mtaro, shati jekundu lililosahauliwa kambani.
Hezi sitini, inasema skrini. Si kitu.
Simu inameza, inanyoosha, inaendelea.

Tukiukimbilia mnara, mawimbi yanatufikia yamebanana
kama magari kwenye mataa ya Tazara;
tukishaupita yanaachana
kama magari yaleyale saa nane usiku.

Kiswahili, kwa ubahili au kwa hekima, sijui,
kimelitwika neno moja mizigo miwili:
masafa ni umbali, masafa ni mtetemo.
Mwalimu chuoni alitusihi tusichanganye.
Mimi nachanganya kila siku, na nalipwa.

Baada ya Pugu giza limeshika, dereva anaachia.
Mia na sitini kwa saa.
Pale kilimani, nyuma ya mikorosho,
uko mnara anaoulinda baba, Mzee Mwinshehe Pazi:
rungu, tochi, redio isiyo na mfuniko,
na jenereta analoliita Bi Mkubwa
kwa kuwa haliamki mpaka libembelezwe.

Leo kapiga mwenyewe.
"Nawasikia mnakuja," anasema. "Honi inalia kike."
Ndiyo, baba. Mia mbili sitini na saba, juu.
"Mkishanipita italia kiume. Wewe sikiliza."
Dopla hakumsoma. Amekulia kando ya reli ya zamani,
akijua kwa sikio tu
kama mgeni anaingia au ndiyo anaondoka.

Namba inashuka.
Mia mbili. Tisini. Kumi na moja.

Sifuri.

Hapo tuko ubavu kwa ubavu, si kuja, si kwenda,
na wimbi ni lilelile lililotoka kule juu ya chuma,
halikuongezwa, halikupunguzwa.
Mwaka mzima nimeisubiri sifuri hii iwe safi namna hii.
Nikaiwekea alama.

"Umeniona? Nimewasha tochi."

Nilikuwa naangalia skrini.
"Nimekuona, baba."

"Nimevaa nini?"

Nje ya dirisha mikorosho ilikuwa imekwisha kitambo.
"Koti," nikabahatisha. "Lile la kaki."

Akacheka. Kama ni kwa sababu nimepatia
au kwa sababu nimekosa, hakusema,
na simu, ambayo husahihisha kila kitu kimyakimya,
ilikileta kicheko chake kimenyooka, hakina mkunjo,
wakati kwenye skrini, chini ya alama yangu,
ilikuwa inaandika: hasi mia mbili sitini na saba.