Nusu-uhai

Sista Annamma, mwalimu wetu kutoka Kerala,
alichora mlima ubaoni, Ibra, saa mbili asubuhi,
kiyoyozi kikikohoa juu ya vichwa vyetu thelathini.
Dawa hupanda damuni, hufika kileleni, huteremka.
Muda wa kupungua hadi nusu, akasema,
ndio nusu-uhai wake.
Nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo.
Mara ya tano tunahesabu imekwisha,
ingawa haiishi, akaongeza, hukonda tu.

Pembeni mwa daftari nikaandika yasiyo ya mtihani:
Bibi, mzaliwa wa Ujiji: Kiswahili kizima.
Mama: nusu, cha jikoni na cha ugomvi.
Mimi: robo. Nahesabu, nasalimu, naelewa matusi.
Wadogo zangu: "shikamoo", wakitaka pesa ya Idi.

Wiki ya sita tukaingia wodini.
Kitanda cha tisa, Bi Ghaniya bint Khalfan,
miaka themanini na moja, moyo wa kupapatika, figo zilizochoka,
dijoksini kidonge kimoja kila asubuhi.
Kwenye faili, mwandiko wa zamu ya usiku:
amechanganyikiwa, maneno hayaeleweki, hakula.

Dijoksini naijua. Ni mgeni asiye na haraka ya kuaga,
na figo za wazee hazimtolei viatu mlangoni.
Kati ya dawa na sumu pana upenyo,
unapita ubavu ubavu.
Kwa hiyo usimpe mtu kabla hujamshika mkono
ukahesabu mapigo dakika nzima,
si robo dakika mara nne, dakika nzima,
na chini ya sitini, simama.

Kwa Kiingereza nahesabu mbele ya mwalimu,
kwa Kiarabu nahesabu baisa sokoni,
nikiogopa, nahesabu kwa lugha ya Bibi.
Arobaini na nane, nilinong'ona, arobaini na tisa,
na midomo iliyokauka ikaitikia: hamsini.
Hamsini na moja, tukasema pamoja.
Mshale ukafika juu.
Hamsini na mbili.

"Mwanangu," akasema, asiachie kidole changu,
"mbona taa zenu zimevaa vilemba vya manjano?
Tangu juzi. Nawaambia, wananiletea uji."
"Na tumbo, Bibi?"
"Moyo unanichafuka. Nawaambia, wananiletea uji."

Kidonge kilikuwa kimeshalala kwenye kikombe cha plastiki,
kidogo kama mbegu ya mchicha iliyovimba.
Nikakirudisha.
"Kwa nini hujampa?" Sista Annamma, nyuma yangu.
Mapigo hamsini na mbili. Kichefuchefu. Anaona manjano.
Haipungui, Sista, inalundikana.
"Nani kasema anaona manjano?"
Yeye. Amekuwa akisema siku mbili.

Akaitwa daktari, damu ikachukuliwa, potasiamu ikapimwa.
Mimi sikusifiwa. Nikatumwa kubadili shuka kitanda cha nne.
Ila kabla ya kuondoka nililirudia lile faili,
nikatafuta kisanduku cha lugha, kilichoachwa kitupu,
nikajaza.

Kuna sura nyingine ya somo, ukurasa unaofuata:
ukitoa dozi ndogo, saa ile ile,
kabla ya ile ya jana kumalizika,
kiwango hupanda taratibu
mpaka kinachoingia kilingane na kinachotoka.
Nimetega kengele ya simu saa tatu usiku.
Bibi hupokea akiwa anatafuna kitu.
Hajui kwamba yeye ni dawa; huuliza kama nimekula,
hulalamikia jirani, hunisahihisha ngeli.
Usiku mwingine nachoka, nataka kuruka.
Siruki.

Siku ya tano taa za Bi Ghaniya zilivua vilemba.
Zilikuwa nyeupe tu, akasema, na mbaya.
Akasukuma bakuli.
"Uji hauna chumvi.
Nani aliyewaambia watu hawa
kwamba mgonjwa hana ulimi?"