Pua Kwanza

Mtungi wa mama mkwe ulipasuka Jumanne,
mbuzi wa Chilongola aliuparamia akifuata kivuli,
na Jumamosi watu kumi na wanane
wanakuja kunipalilia uwele.
Watu hawapalilii kwa asante.

Nimeshuka soko la Sabasaba na elfu ishirini
nimezifunga pindoni mwa kanga.
Vumbi la Dodoma limenitangulia,
lishagusa kila kitu, lishauliza bei.

Maligana ana mdomo mwepesi na mapipa mazito.
"Hili la bluu, mama, lilikuwa la juisi."
Juisi gani?
"Juisi tu."
Ubavuni karatasi imebanduliwa kwa kisu,
na aliyebandua alikuwa na haraka:
amebakiza kipande cha fuvu,
jicho moja, meno matatu.
Juisi yenye meno sijawahi kuinywa.

Nainama, natia kichwa chote ndani.
Sokoni wananiona nusu mtu.
Harufu ya kwanza ni sabuni. Sabuni ni shahidi wa kununuliwa.
Nangoja ya pili,
ile inayokuja polepole kama mdaiwa.
Hiyo hapo.
Josho. Siku ya kuogesha ng'ombe kule Mvumi,
kupe wanapukutika,
na baba anatufukuza tusikanyage maji.

"Ukilisugua na majivu linatakata."
Kaka, plastiki ilichokunywa imekunywa,
na pombe ina ulimi:
italamba siku tatu, usiku na mchana,
mpaka kitoke.

"Basi chukua ndoo ya bati, inang'aa."
Inang'aa, ndiyo. Ujimbi ni mchachu,
utaula huo mng'ao wote,
na mimi nitawapa wakwe zangu bati wanywe.

Ya rangi ya nyumba sikuiinamia hata.

Nyuma ya genge lake, kwa Foloti mkaanga maandazi,
ndoo mbili nyeupe zimekalia matako yao.
Nazipindua: pembetatu ya mishale, ndani yake mbili.
Lechipya wangu wa darasa la sita ndiye aliyenifunza kuisoma,
ila namba hutaja ukoo wa plastiki,
haitaji ilikolala.
Kwa hiyo kichwa tena.
Harufu ya kwanza, alizeti.
Ya pili, alizeti.
Ya tatu, njaa yangu mwenyewe.

Napitisha ukucha ndani, mzunguko mzima.
Hamna mchubuko. Kwenye mchubuko ndipo hulala
ule uchachu usioalikwa, unaogeuza pombe siki.
Elfu nne kila moja. Foloti ananiongeza andazi.
Nitaziosha kwa maji ya moto na magadi,
nitazianika zikitazama chini,
na uji wa kimea nitaungoja upoe kwanza,
maana Nyemo hunywa mpaka masimbi ya mwisho
na kuifuta kata kwa kidole.

Nimeshageuka niondoke
ndipo nikasikia, "Hili la bluu, dada, lilikuwa la juisi."
Binti mgongoni ana mtoto, mkononi noti zilizolowa jasho.
Anataka la kuwekea maji.
Maligana akanitazama. Nami nikamtazama.
Nikazitua ndoo zangu,
nikampokea mtoto,
nikamwambia, tia kichwa. Usiiamini ya kwanza.
Ngoja ya pili.

Akainama.
Nikamwona naye nusu mtu,
kisigino kimoja kimeinuka,
anangoja.