Prufu ya Pili

Alikuja Jumanne, Bwana Aikaeli, flashi mfukoni,
shati limepigwa pasi, akauliza hali ya mtoto.
Nakala elfu sita, karatasi nyepesi tu,
za kugawa Kiborloni siku ya soko, na stendi alfajiri.

Chama kipya. Nembo yao jembe na nyumba.
Nikafungua faili. Kazi yangu mimi ni herufi:
nafasi iliyozidi, nukta iliyosahauliwa.
Wameandika *wa kuja*, maneno mawili.
Nikayaunga: *wakuja*. Safi.
*Kwekwe* ilikuwa *kwewe*,
nikairudisha k iliyopotea.
*Wanatumalizia maji ya mifereji yetu.* Nikaweka koma.
*Tuwang'oe* ilikosa ile alama ya juu;
bila hiyo ingesomeka *tuwangoe*, neno lisilo na maana,
na mimi, kwa mkono wangu,
nikalipa maana.

Hata shule walinisifu kwa imla.

Prufu ya pili niliisoma kwa sauti, ndivyo nilivyofunzwa:
sikio hunasa kosa linaloliponyoka jicho.
Sikio likamnasa mama,
aliyeshuka Moshi kutoka Kondoa mwaka wa njaa
na kigunia cha uwele, na mimi mgongoni,
akaitwa *chasaka* hata akadhani ni jina,
akawa anaitikia, "Abee."

Sikusema kitu. Fundi Kileo akawasha mashine.
Nikapiga hesabu: ada ya Hanifa, nusu ya kodi.
Nilidhani chuki ina harufu yake.
Ilinukia wino tu, kama daftari jipya.

Karatasi zilizoharibika, zilizochapwa kishingo upande,
huwa tunampa Mama Zulfa wa karanga, ng'ambo ya barabara.
Jioni nikamkuta anazikunja pembe.
Alikuwa ameshasoma. Ana darasa la saba, na miwani.
Akapima kikombe, akafinya ncha, akanipa.
"Leo chumvi imekolea," akasema.
Akahudumia wateja wawili, akarudisha chenji.
Kisha, bila kuniangalia:
"Aliyewaandikia hawa amesoma.
Nimetafuta kosa, sikuona hata moja."

Nimekaa na pembe ile, karanga zimepoa.
Palipolowa mafuta herufi zimetokeza kwa nyuma, kinyume,
ng' imelala chali
na ile alama yake ndogo juu,
kama jino la mtoto.