Safu ya Nne

Mshauri alitaka ukurasa mmoja, si zaidi,
wenye rangi, maana Mkubwa hasomi kijivu:
serikali ikiamua kurutubisha urani,
njia ipi itakula pesa kidogo?

Mimi ni mhasibu. Nimehesabu nauli za wajumbe,
saruji ya daraja lisilojengwa,
viti vya plastiki mia tatu vya sherehe.
Sasa nahesabu hewa,
kwani jiwe likishageuzwa gesi
wanaloligombania ni pepeto tu:
nyepesi huku, nzito kule,
na tofauti yake ungo wa mama hauioni.

Safu ya kwanza: gesi kusukumwa kwenye viwambo,
kiwambo baada ya kiwambo. Mtambo mzee, mlafi.
Umeme wake ungezima Katuba, Kenya na Kamalondo,
na bado ungelamba sahani.
Safu ya pili: mitungi izungukayo mpaka inalia.
Hiyo hula kama ndege, lakini mahari yake!
Mabilioni ya dola, na wakwe
hawapokei kwa awamu.
Safu ya tatu: leza, mwanga unaochagua.
Bei: niliandika "huenda".
Nikafuta.
Nikaandika tena "huenda".

Saa moja usiku kuran ikaenda.
Kompyuta ikabaki ikipumua kwa betri.
Mama Mwelwa akaingia kuomba kaa la mbabula,
akanikuta najisomea: gharama za kurutubisha…
"Kumbe serikali imekumbuka mashamba!
Mfuko ni ngapi? Kule kwangu, njia ya Kasenga,
udongo umechoka
kama shati la shule lililofika kwa mtoto wa tano."

Neno ni moja, nikamwambia, udongo ni mwingine.
Nikamsimulia Shinkolobwe,
baba yangu Numbi akijaza mapipa kwa koleo
bila kuambiwa mapipa yanakwenda wapi.
"Alilipwa ngapi?"
Huyu mama hajui swali lingine.
Ninacho kikaratasi chake cha mshahara:
faranga, senti, posho ya unga.
Nilikitazama, nikatazama jedwali.
Hapakuwa na pa kukiweka.

Basi nikafungua safu ya nne, mzaha wa gizani:
mbolea, kilo hamsini, dola arobaini na tano.
Umeme: sifuri.
Muda wa kusubiri: mvua moja.
Hatari: kuku wa jirani.
Tulicheka hadi kaa likazima, nikampa jingine,
na kidole, kwa mazoea, kikabonyeza "chapa".

Kuran ilirudi usiku wa manane, mimi nimelala.
Mashine ikakumbuka agizo lake.
Alfajiri mjumbe akaja na pikipiki,
mke wangu akampa karatasi, bado ya moto.

Leo saa nne mshauri amepiga simu.
"Hii safu ya nne," anasema,
nasikia kalamu yake ikigonga meza,
"ni teknolojia ya nchi gani?
Mkubwa ameizungushia wino mwekundu."