Mshale wa Tatu

Kurasa kumi na moja, nimezibana kwa pini
maana stepla ya idara imeishiwa meno.
Juu nimeandika RASIMU kwa herufi kubwa,
kama mtu anayepiga hodi huku akiomba radhi.

Chumba namba nane, mlimani, chuoni.
Upepo wa Julai unatikisa madirisha,
vumbi jekundu linaingia bila mwaliko
na kukaa kiti cha mbele.
Watu saba. Chupa ya chai. Karanga kwenye sahani.

Nasema: nachunguza viongozi wa ushirika wanavyofikiri.
Ushirika wa zabibu, Hombolo, msimu ule
mnunuzi hakuja, tani arobaini zikaozea kwenye kreti.
Nimechora ramani ya mawazo yao,
visanduku vitano, mishale sita,
na kila mshale unajua uendako.

Daktari Ndahani anasoma kwa kalamu, hana haraka,
anatafuna karanga mojamoja.
"Ukurasa wa nne umeandika: *ushirika uliamini*.
Ushirika una kichwa?
Ukiugua malaria, dawa anameza nani?"
Wanacheka. Nami nacheka, nimechelewa kidogo.
"Ulizungumza na nani?"
Mwenyekiti.
"Na nani tena?"
Mwenyekiti, mara ya pili.

Lechipya ananitetea: jamani, kazi bado changa.
Utetezi wake unauma kuliko swali.
Ndahani anaandika pembeni, kwa wino wa kijani,
neno moja: NANI?

Usiku ule, Ng'ong'ona, chumba cha kupanga,
nilimjibu vizuri sana.
Nilimjibu kwa hoja tatu na mfano mmoja mkali,
dari ikanisikiliza, ikakubali yote.

Ijumaa nikaenda Hombolo na ukurasa mmoja tu,
ule wa ramani.
Mwenyekiti alikuwa msibani Mvumi.
Nikamkuta Mbeleje, karani wa mizani,
anakamulia tone la zabibu kwenye kioo cha kupimia sukari,
anakiinua juani, jicho moja amelifumba.
"Kumi na nne. Bado."
Akafuta kidole kwenye khanga, hakikufutika vizuri,
akaupokea ukurasa wangu, kichwa chini miguu juu,
akaugeuza, akausoma kimya
kama mtu anayehakiki stakabadhi.

"Huu wa tatu," akasema, "umeuelekeza kinyume."

Mshale wa tatu:
kutoka *mnunuzi amechelewa* kwenda *tusubiri*.

"Hatukusubiri kwa sababu amechelewa.
Tulisema amechelewa kwa sababu tulishaamua kusubiri.
Kreti zilikuwa za mkopo.
Nani angesimama mbele ya watu mia mbili
aseme mnadaiwa, na mnunuzi hayupo?
Kila kikao mwenyekiti ananitazama,
nami naandika: *amechelewa*."

Akavuta daftari la mihtasari chini ya mizani.
Tulihesabu pamoja. Mara kumi na tatu.
Mwandiko uleule, wa duara, wa shule ya msingi,
na ile ya kumi na tatu ndiyo nadhifu kuliko zote.

Nikauliza, kwa sauti ya chini:
"Na wewe, uliamini?"

Alikaa. Nje mtoto alikuwa anafukuza ndege shambani kwa debe.
"Mwanzoni nilikuwa naandika tu.
Baadaye nikawa nasoma nilichoandika.
Mtu haandiki uongo mara kumi na tatu, mwanangu,
kwa mwandiko mzuri hivi.
Ndiyo. Niliamini mwandiko wangu."

Hilo halimo kwenye visanduku vyangu.
Sikujua hata nilichoree wapi.

Nimerudi. Ndahani hajaniona bado.
Chini ya NANI? yake ya kijani
nimeandika jina la Mbeleje, nikalifuta,
nikaliandika tena.
Mshale wa nne sijamuuliza mtu.

Leo alfajiri nimekuta sisimizi mezani:
wamelifuata doa la kidole chake,
wanakatiza ramani nzima, sanduku kwa sanduku,
juu ya mishale yangu yote,
na hakuna hata mmoja anayeifuata.