Mipangilio Iliyohifadhiwa

Maabara ya kompyuta, Kondele, saa nane, bati linalia kwa jua.
Nafungua onyesho la mawimbi:
vitelezi vitatu, a, b na c,
na pembeni mipangilio waliyoihifadhi
kidato cha tatu mwaka jana.

"Ziwa limelala": a ni sifuri, mstari mtupu.
"Boda kwenye matuta": b imefika kumi na mbili.
"Mwalimu Ogutu akikasirika":
hii inatoka nje ya skrini.
Nacheka peke yangu.

Ya mwisho haina jina, ni tarehe tu,
siku Apondi alipohamia Ahero, muhula ukiwa katikati.
Nabonyeza. Vitelezi vyajisogeza
kama vimeshikwa kidole.
a, nusu. b, moja. c, hasi mbili.
Wimbi dogo, chini ya mhimili,
halijaugusa popote.

Nainua c, taratibu,
hadi hasi nukta sita.
Vilele vinanyoosha shingo.

Programu yauliza: nifute ya zamani?
Hapana. Ya Apondi ibaki alivyoiacha.
Hii yangu naiweka chini yake,
naiita "Karibu".